Mchezo Usiokwisha Kulipiwa: Kubana Gharama na Ubora wa Michezo ya Mtandaoni

Katika miji ya Kahama, Geita, Katoro na Shinyanga si vigumu kukuta kibanda ambamo vijana wameketi mbele ya runinga, kila mmoja ameshika pedi yake, wakicheza michezo ya kompyuta kwa malipo ya dakika kadhaa. Mchezo wa namna hiyo umo wote ndani ya mashine iliyopo mezani. Mwenye kibanda akishaununua umekuwa mali yake. Kampuni iliyoutengeneza huko Japani au Marekani ikifilisika kesho, vijana wa Katoro wataendelea kucheza kama kwamba hakuna lililotokea.

Ipo aina ya pili, nayo ndiyo inayohusu makala haya. Huu ni mchezo ambao hauwezi kuchezwa ila kwa kuunganishwa na kompyuta kubwa za kampuni, ziitwazo seva, na ambao mchezaji huulipia ada kila mwezi. Milima, mito, maadui na mali za mchezaji havimo katika kompyuta yake. Vimo katika seva iliyo mbali, na yeye huletewa habari zake tu kwa njia ya mtandao. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni World of Warcraft, uliotolewa Novemba 2004 na kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani. Ada yake ilikuwa dola 14.99 kwa mwezi, na mnamo Oktoba 2010 kampuni ilitangaza kwamba wanaoulipia wamepita milioni 12. Kwa fedha yetu ya miaka hii ya karibuni ada kama hiyo ni kati ya shilingi 35,000 na 40,000, mbali na gharama ya bando.

Mwalimu aliye karibu na wanafunzi wake huenda amesikia malalamiko yao kwamba michezo hii imeharibika kwa sababu kampuni zinabana matumizi. Ni rahisi kuyapuuza maneno hayo na kuyahesabu kuwa ni visingizio vya walioshindwa. Lakini ndani yake mna swali halali la kisayansi: kampuni ikipunguza matumizi kwa sehemu moja ya kumi, je, ubora nao hupungua kwa sehemu moja ya kumi? Tutaona kwamba aghalabu sivyo. Hupungua kidogo mno kwa muda mrefu, kisha huporomoka; na aliye mbali na seva, kama alivyo mchezaji wa Shinyanga, ndiye hufikiwa kwanza na maporomoko hayo.

Kinachonunuliwa ni matunzo

Watu wa ukanda wa dhahabu wana mfano wa kuwasaidia kulielewa jambo hili. Mgodi wa Bulyanhulu ni mgodi wa chini ya ardhi. Ulipopunguza shughuli zake mwishoni mwa mwaka 2017, baada ya zuio la kusafirisha makinikia lililotangazwa Machi mwaka huo, uchimbaji ulisimama lakini kazi ya kuutunza haikusimama. Mgodi wa namna ile haufungwi kama duka. Maji ya chini ya ardhi hayajui kwamba uzalishaji umesitishwa; yanaendelea kuingia, na hayana budi kuondolewa. Miamba haina budi kukaguliwa, na hewa haina budi kusukumwa kwa wale wanaokagua. Kazi ya kuchimba chini ya ardhi iliporudi mwishoni mwa mwaka 2020, ilirudi kwa sababu kwa miaka mitatu kulikuwa na watu waliolipwa kwa kazi ambayo haikutoa hata gramu moja ya dhahabu.

Mchezo wa kulipia kwa mwezi ni mgodi wa namna hiyo. Mchezaji anadhani amenunua mchezo, kumbe ananunua matunzo: umeme wa seva na wa vipoza hewa vyake, mafundi wa zamu ya usiku, wasimamizi wa kuwafukuza wadanganyifu, wasaidizi wa kujibu barua za wateja, na watunzi wa kuongeza habari mpya ili watu wasichoke. Mwaka 2008 wakuu wa kampuni iliyokuwa ikimiliki World of Warcraft waliwaeleza wachambuzi wa fedha kwamba tangu mchezo huo uanze, yaani katika muda wa takriban miaka minne, gharama ya kuuendesha ilikuwa imefikia dola milioni 200 hivi. Ni fedha nyingi, lakini ni ndogo ikilinganishwa na mapato, ambayo kwa mwaka mmoja tu yalikadiriwa kuwa zaidi ya dola bilioni moja.

Hapo ndipo kishawishi kilipo. Mapato ya mwezi ujao hayategemei sana matunzo ya mwezi huu. Ukimwondoa fundi wa usiku leo, kesho seva bado itawaka. Kwenye vitabu vya hesabu fedha iliyookolewa huonekana mara moja, lakini hasara haina mstari wake vitabuni hata siku itakapozuka.

Mipigo na umati

Seva haifanyi kazi mfululizo kama maji yanavyotiririka. Hufanya kazi kwa mipigo, kama moyo. Katika kila mpigo hupokea maagizo ya wachezaji wote, huamua nani amesogea na nani ameanguka, kisha humpelekea kila mmoja matokeo. Mchezo RuneScape wa kampuni ya Jagex ya Uingereza hupiga mara moja kila sehemu sita za kumi za sekunde. Ni mwendo wa taratibu, lakini mchezo umesanifiwa hivyo tangu mwanzo na wachezaji wake wameridhika nao. Kwa upande wa pili, Valorant, mchezo wa kupigana kwa silaha uliotolewa mwaka 2020, hupiga mara 128 kwa sekunde moja. Mipigo mingi hutaka kompyuta nyingi, na kompyuta nyingi hutaka fedha. Kwa hiyo njia moja rahisi ya kubana gharama ni kupunguza mipigo. Njia nyingine ni kuunganisha seva mbili zenye wachezaji wachache ziwe moja.

Hii ya pili yaonekana haina madhara, maana watu ni wale wale. Mwanafunzi na achukue kalamu. Tuseme wachezaji 40 wamekusanyika uwanja mmoja, na kila mmoja anapaswa kupewa habari za wote, pamoja na za kwake mwenyewe. Katika kila mpigo seva itatuma habari 40 × 40, yaani 1,600. Viwanja viwili vya namna hiyo katika seva mbili vitataka habari 3,200. Sasa tuwaunganishe watu hao 80 katika uwanja mmoja: 80 × 80 ni 6,400. Watu hawakuongezeka hata mmoja, lakini kazi imeongezeka maradufu, nayo yafanywa na mashine moja badala ya mbili. Kila mashine iliyobaki imebebeshwa kazi mara nne. Wahandisi wanazo hila za kupunguza mzigo huu, kama vile kutompelekea mtu habari za aliye nyuma ya mlima, na hila hizo ni elimu nzuri. Lakini siku ya sherehe au ya vita, wote wanapotaka kusimama mahali pamoja, mlima haupo.

Kampuni ya CCP ya Iceland, yenye mchezo EVE Online ulioanza mwaka 2003, ilikutana na jambo hili ikachagua ufumbuzi ambao mimi nauona kuwa wa kiungwana. Badala ya kuacha seva ielemewe na kuanza kupoteza maagizo ya watu bila mpangilio, waliifundisha kupunguza mwendo wa wakati wenyewe. Umati ukizidi, saa ya mchezo huenda polepole kwa wote kwa usawa, hata kufikia sehemu moja ya kumi ya mwendo wa kawaida, na kila agizo hutimizwa. Vita kubwa ya Januari 2014 mahali paitwapo B-R5RB ilishirikisha wachezaji zaidi ya 7,000 na kudumu kwa saa 21 hivi. Walilalamika kwamba ni polepole mno. Hakuna aliyesema kwamba risasi yake ilipotea njiani.

Umbali wa Shinyanga

Mwanga katika ombwe husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya kioo kasi yake hupungua kwa theluthi moja hivi, ikawa kilomita 200,000. Habari zitokazo Shinyanga kwenda Ulaya husafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo: kwanza kwa Mkongo wa Taifa hadi pwani, kisha chini ya bahari kupitia Bahari ya Shamu hadi Mediterania. Tukadirie njia hiyo kuwa kilomita 10,000. Kuigawa kwa 200,000 tunapata sekunde 0.05; kwenda na kurudi ni sekunde 0.1, yaani milisekunde 100. Hapo hatujahesabu mnara wa simu, wala vituo vya kupokezana habari njiani, wala foleni katika kila kituo. Si ajabu basi kipimo halisi kikifika 200 au kupita.

Hakuna tajiri awezaye kununua mwanga wenye kasi zaidi. Awezacho ni kuisogeza seva. Wachezaji wa Australia walijifunza hilo kwa subira. Kwa miaka kumi, tangu 2004 hadi 2014, walicheza World of Warcraft kwa seva zilizokuwa Marekani, ng'ambo ya Bahari ya Pasifiki, ingawa baadhi yake ziliitwa seva za Oceania; mwaka 2014 ndipo seva zao zilipohamishiwa Australia kwenyewe. Sisi wa Tanzania hucheza kwa seva za Ulaya. Majengo makubwa ya seva yamo Afrika Kusini: Microsoft ilifungua yake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, na Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020. Kwa hiyo vizuizi si vya ufundi tena. Swali ni kama wateja wa bara hili ni wengi kiasi cha kumfanya mhasibu wa California aidhinishe matumizi.

Sasa tuunganishe umbali na mipigo. Tuseme mchezo umesanifiwa ili uvumilie kuchelewa kusikozidi milisekunde 240. Zaidi ya hapo mchezaji huanza kumpiga adui ambaye amekwisha ondoka. Seva inapiga mara 20 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 50, na agizo hungoja mpigo ujao kwa wastani wa nusu ya muda huo, 25. Mchezaji wa Frankfurt, ambaye safari yake ni milisekunde 20, ana jumla ya 45. Wa Shinyanga, mwenye safari ya 200, ana 225. Wote wawili wanacheza. Kampuni inapunguza mipigo kutoka 20 hadi 10 ili iokoe fedha, na muda wa kungoja unakuwa wastani wa 50. Wa Frankfurt anafika 70 na hata hatambui. Wa Shinyanga anafika 250, amevuka mpaka. Kilichoongezeka ni kile kile kwa wote, milisekunde 25, lakini mmoja alikuwa na akiba na mwingine akiba yake ilikwisha liwa na bahari.

Ndiyo sababu ripoti za kampuni zaweza kusema kweli kwamba wateja walio wengi hawakuona tofauti, na kijana wa Kahama akasema kweli pia kwamba mchezo umekufa.

Hata hivyo si haki kuitupia lawama kampuni ya mchezo kwa kila kwazo. Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika katika Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu upande wa kusini, karibu na Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku hiyo iliwafundisha wengi tofauti ya mtoa huduma aliyenunua njia moja tu ya kutokea nje ya nchi, kwa kuwa ni nafuu, na yule aliyelipia njia ya pili ambayo kwa miezi mingi ilikaa bila kazi kubwa. Njia ya pili ni matunzo. Siku za kawaida huonekana kama upotevu wa fedha.

Walimu wanaweza kufanya jaribio lisilo na gharama kubwa. Karibu kila kompyuta ina amri iitwayo ping, ambayo hupeleka habari fupi kwa kompyuta ya mbali na kupima muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde. Wanafunzi wapime kuelekea anwani moja iliyo Dar es Salaam na nyingine iliyo Ulaya, mara 20 kila saa, tangu asubuhi hadi usiku kwa juma zima, waandike na mara ambazo hakuna jibu. Wasiishie kwenye wastani. Watazame pia tofauti kati ya kipimo kidogo kabisa na kikubwa kabisa, maana mchezaji huweza kuuzoea muda mrefu usiobadilika, lakini hawezi kuzoea muda unaorukaruka. Kipimo kidogo kabisa kitawaonyesha kazi ya umbali. Kilichozidi hapo, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya foleni na uchovu wa mitambo. Mwanafunzi aliyeweka vipimo vya namna hiyo ana jambo la kumwambia mtoa huduma wake, na hata Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo kisheria ina viwango vya ubora wa huduma za kusimamia.

Foleni ya wanaojibu

Hata seva ikiwa nzima, mchezo ni mji wa watu, na mji una wizi, matusi, ulaghai na mali zilizopotea. Wanaoshughulikia mambo hayo ndio aghalabu huwa wa kwanza kuondolewa. Februari 2012 Blizzard ilitangaza kupunguza watu wapatao 600, ikaeleza kwamba asilimia 90 kati yao hawakuwa katika idara za kutengeneza michezo. Februari 2019 kampuni mama, Activision Blizzard, ilitangaza kupunguza kiasi cha asilimia 8 ya wafanyakazi siku ile ile iliyotangaza kwamba mapato ya mwaka 2018 yalikuwa makubwa kuliko ya mwaka wowote uliotangulia. Oktoba 2020 ikajulikana kwamba ofisi ya Blizzard ya Versailles, Ufaransa, iliyohudumia wateja wa Ulaya, itafungwa. Microsoft ilipoinunua Activision Blizzard Oktoba 2023, haikupita miezi minne kabla ya kutangaza kuondolewa kwa watu 1,900 katika shughuli zake za michezo. Kampuni zilitoa sababu zao, na nyingine zilisema fedha hizo zitaongezwa kwa watengenezaji. Tena, matukio mawili kufuatana si ushahidi kwamba moja limezaa la pili. Lakini tunaweza kuuliza hesabu inasema nini.

Fikiria karasha moja la kusaga mawe huko Nyarugusu. Wachimbaji huleta mifuko bila mpangilio, mara mitatu kwa pamoja, mara hakuna. Hata kama karasha lina uwezo wa kusaga zaidi ya kinacholetwa, foleni itakuwapo, kwa sababu mifuko haifiki kwa zamu. Wanahisabati wa foleni wanayo kanuni rahisi kwa hali ya namna hii: idadi ya wastani ya vinavyongoja na kushughulikiwa ni kinachofika, kigawanywe kwa tofauti ya uwezo na kinachofika. Tuseme ofisi ya mchezo hupata barua 80 kwa siku na ina uwezo wa kujibu 100. Wastani ni 80 kwa 20, yaani barua 4. Punguza uwezo hadi 90: barua 8. Umepunguza sehemu moja ya kumi tu, foleni imekuwa maradufu. Punguza hadi 84: barua 20. Hadi 82: barua 40. Ukifika 80, kanuni inakataa kujibu, maana kigawanyo ni sifuri, na foleni hukua bila kikomo.

Mkurugenzi aliyepunguza kutoka 100 hadi 90 na kuona hakuna kelele, akadhani kwamba hatua ya pili nayo itapita kimya kimya, hakuusoma mstari huu.

Dhahabu isiyo na duara

Jambo la mwisho litawavutia hasa wasomaji wa Geita. Katika michezo mingi ya aina hii fedha ya mchezo huitwa dhahabu. Mchezaji huipata kwa kuua majoka, kuvua samaki, hata kwa kuchimba mawe. Dhahabu ya kweli ni adimu kwa tabia yake: tani nzima ya mwamba mzuri hutoa gramu chache, na kabla ya kuzipata sharti mtu achimbe duara, aweke matimba, asage, achenjue. Dhahabu ya mchezo haina mwamba. Ni tarakimu katika seva, na uadimu wake hulindwa na kanuni pamoja na walinzi. Walinzi wakiondoka, huja programu za kuchezea badala ya mtu, zichimbazo usiku na mchana bila kulala, na dhahabu yake huuzwa kwa dola kwa wachezaji wavivu. Kuna watu pia waifanyao kazi hiyo kwa mikono yao. Mwaka 2008 Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester alikadiria kwamba kazi hii iliwaajiri watu wapatao 400,000, wengi wao China; na uchumi wa Venezuela ulipoanguka, raia wengi wa nchi hiyo waliingia RuneScape kutafuta chakula. Wachimbaji wadogo, kusema kweli, ingawa hawa angalau hawashiki zebaki.

Tazama hesabu. Wachezaji 1,000 wanapata kila mmoja sarafu 100 kwa siku na kutumia 90. Fedha iliyomo katika ulimwengu huo huongezeka kwa sarafu 10,000 kila siku. Ziingie programu 20 tu, kila moja ikichuma 1,200. Ongezeko linakuwa 34,000. Asilimia 2 ya waliomo wameuzidisha mfumuko zaidi ya mara tatu, na mchezaji aliyejiwekea akiba yake kwa miezi anaiona ikiyeyuka kama mkulima wa pamba aliyeuza kwa mkopo wakati bei za madukani zinapanda.

Na programu zile hulipa ada. Kila moja inahesabiwa kuwa mteja. Kampuni ikizifukuza hupoteza mapato, tena hulipa mishahara ya wanaozifukuza. Ikiziacha, hupata fedha mara mbili. Sijui kishawishi kikubwa kuliko hicho katika biashara hii yote. Mwaka 2015 Blizzard ilianza kuuza yenyewe hati ambayo mchezaji huinunua kwa dola na mwenziwe huinunua kwa dhahabu ya mchezo ili alipie mwezi wake. Hati hiyo iliwapunguzia wauzaji wa magendo sehemu ya soko lao, ila haikuwamaliza.

Kampuni iliyorudi shimoni

Upo mfano wa kinyume, nao ni wa Square Enix ya Japani. Mchezo wao Final Fantasy XIV ulitoka Septemba 2010 ukiwa mbovu kiasi kwamba miezi michache baadaye wakuu wake waliomba radhi hadharani na kubadilisha viongozi. Ada haikutozwa hadi Januari 2012. Novemba 2012 waliuzima kabisa, na Agosti 2013 wakautoa upya, uliojengwa tena karibu wote, chini ya Yoshida Naoki. Kwa mhasibu huo ulikuwa wazimu, lakini mchezo ule ulikuja kuwa miongoni mwa michezo ya ada yenye watu wengi kuliko yote duniani. Desemba 2021 walikuja watu wengi hata foleni ya kuingia ikawa ya saa nyingi. Kampuni ilieleza wazi kwamba upungufu wa vipande vya kompyuta duniani uliizuia kupata seva, ikasimamisha kwa muda uuzaji wa mchezo wake wenyewe, na kuwapa waliokwisha lipa siku 21 bila ada. Kusimamisha mauzo katika mwezi wa mauzo makubwa si jambo la kila siku.

Wengine huchagua njia fupi. City of Heroes, mchezo wa ada uliotolewa mwaka 2004, ulizimwa na kampuni ya NCSoft tarehe 30 Novemba 2012. Seva zilipozimwa, wachezaji hawakubakiwa na kitu cha kushika mkononi. Ulimwengu waliouishi kwa miaka minane ulikuwa umo katika mashine za mtu mwingine. Kwa wachimbaji wa Geita kisa hiki kisingekuwa kigeni sana, maana katika mkoa wao wapo wanaoishi kwa marudio, yaani mchanga ambao wa kwanza aliusaga, akachukua alichotaka, akauacha, na wa pili akauchenjua tena kwa sayanaidi na kupata riziki. Programu ya City of Heroes ilihifadhiwa kwa siri na mashabiki, na mwaka 2019 ikatoka hadharani. Watu wa kujitolea wakaiwasha upya chini ya jina Homecoming, na Januari 2024 NCSoft yenyewe ikawapa leseni. Hakuna ada. Kila mwezi waendeshaji hutangaza gharama za seva na kuomba michango. Kiasi kilichotajwa kikitimia, dirisha la kuchangia hufungwa hadi mwezi unaofuata, na hesabu hubandikwa mahali ambapo mchezaji yeyote anaweza kuisoma.